Plasta Zisizo na Karatasi

4 Februari

Dada,

Shikamoo. Naanza na hiyo kabla ya yote, maana nakujua, unaweza kuikunja barua ukairudisha kama ulivyonirudisha nje siku ile nilipoingia kwako bila kubisha hodi. Huku tu wazima. Mjukuu ameota meno mawili ya chini na anayajaribu kwenye bega langu. Mama yake amepata zamu katika duka la vifaa vya shule, kwa hiyo kuanzia saa tisa alasiri mtoto ni wangu, na bega ni lake. Msalimie shemeji. Mwambie redio aliyonitengenezea bado inasema, na mimi pia bado nasema, hajatokea fundi wa kunizima.

Sasa dada, naungua. Mwanzoni nilidhani ni mashine. Unajua kazi yenyewe: shuka za hoteli mia tatu kwa siku, pasi ya mvuke yenye urefu wa kitanda, na dirisha moja ambalo msimamizi hataki lifunguliwe kwa sababu ya vumbi. Nikasema basi, ni mvuke. Lakini joto likanifuata mpaka kwenye foleni ya benki, mpaka bafuni nikiwa nimetoka kujimwagia maji. Linaanzia kifuani linapanda, uso unalowa, moyo unakimbia kama nimefumaniwa. Kulala ndiyo nimesahau. Juzi nilimfokea msimamizi mbele ya watu kwa sababu ya pini ya nguo, halafu nikaenda kulia nyuma ya mapipa ya sabuni. Mwanamke wa miaka hamsini na moja, analia kwa ajili ya pini.

Nimekwenda zahanati. Daktari kijana, mpole, ameniambia ni kukoma kwa hedhi na kwamba dawa ipo. Akaniandikia njia tatu kwenye kikaratasi: vidonge vya kumeza, plasta ya kubandika, jeli ya kupaka. Anasema homoni ni ileile, estrojeni, milango tu ndiyo tofauti. Akataka nikafikirie kisha nirudi Jumatano ya mwisho ya mwezi, kwa kuwa kuna maswali hajaniuliza na kuna jambo la pili hajanieleza. Foleni ilikuwa imefika barabarani, nikaona aibu kumshikilia.

Nakuuliza wewe. Umekaa nyuma ya dirisha la dawa miaka ishirini na nane. Nichague ipi? Na wewe ulivukaje, dada? Sikuwahi kukuona hata unajipepea.

Mdogo wako


17 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimeisoma nikiwa nimesimama, kwa hiyo usiseme sikujali. Nyumbani ni wazima. Binti yangu anahamishwa tena kikazi, analalamika. Shemeji yako ana meza imejaa redio za watu na hakuna hata moja yenye mfuniko.

Kwanza, unangojea nini miezi yote hiyo? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mambo haya hayamalizwi kwa kulia nyuma ya mapipa.

Pili, nikujibu. Vidonge ni rahisi, lakini kinachomezwa hupitia kwanza kwenye ini, na hatari ya damu kuganda miguuni huwa kubwa kidogo kuliko ya dawa inayopita kwenye ngozi. Wewe unasimama saa tisa kwa siku na mishipa yako ya miguu naijua. Viache. Jeli ni nzuri, lakini hupakwa kila siku na lazima ikauke, na mtoto mdogo asiguse ngozi iliyopakwa. Wewe mwili wako wote umekuwa kitanda cha mjukuu. Kwa hiyo plasta. Unabandika chini ya kitovu au kwenye kalio, kamwe si kwenye ziwa, unabadilisha mara mbili kwa wiki, unahamisha upande.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mimi mwenyewe ninatumia plasta, na nimeitumia miaka mingi. Ndiyo maana hukuniona najipepea. Shemeji yako anadhani ni plasta ya kiuno. Nimemwacha adhani hivyo, wanaume wengine ukiwaambia habari za homoni wanakuletea kiti ukae.

Jumatano usiende, utapoteza siku ya kazi kwa kuambiwa ninayokuambia. Ninakutumia za miezi mitatu kwa basi. Nimezitoa kwenye maboksi ili furushi liwe dogo, tena watu wa ofisi ya vifurushi wasianze kusoma. Shemeji yako ndiye atakayelipeleka. Zikiisha nitatuma nyingine. Simu usipige, iko mezani kwake mchana kutwa na akipokea hakuachii mpaka aulizie afya ya paka. Andika. Na usimsomee mtu barua hii, Redio.

Dada yako


30 Machi

Dada yangu, daktari wangu, ulezi wa familia nzima ungepewa wewe,

Shikamoo mara mbili. Nimelala! Wiki ya tatu hii ninalala kama mtu aliyelipwa kulala. Joto linakuja mara moja moja, linabisha hodi, linakuta hakuna mtu, linaondoka. Msimamizi nimemwomba radhi. Binti yangu anasema nimeanza tena kuimba jikoni na ananiomba niache.

Kasoro ni moja. Mvuke unazibandua. Nabandika vizuri, nabonyeza kwa kiganja kama ulivyosema, lakini ikifika saa sita kona zimenyanyuka. Wiki iliyopita nilifika nyumbani nikavua, sina plasta. Kesho yake nikaitwa ofisini: mgeni wa hoteli amelalamika kwamba mto wake una plasta ya kidonda. Msimamizi akauliza nani ana kidonda. Nikamwonyesha mikono yangu yote miwili na uso wa mtakatifu. Mwenzangu wa meza ya kukunja, yule tunayemwita Kamusi kwa kuwa ana jibu la kila swali, alicheka mpaka akakaa chini.

Huyo Kamusi nilimwambia. Usinikasirikie, aliiona mwenyewe nilipokuwa nabadilisha. Shangazi yake anatumia plasta kama hizi, lakini anasema shangazi anameza na kidonge kingine juu yake, ni lazima. Nikamwambia dada yangu ni mtu wa dawa, kingekuwa lazima angeniambia. Lakini nimeona nikuulize tu, nimfunge mdomo. Kipo hicho kidonge?

Mdogo wako anayelala


21 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nafurahi unalala. Sisi hatujambo, isipokuwa paa la jikoni linavuja na fundi aliyeitwa ameliangalia tu na kuondoka. Binti amekwisha hamia kituo kipya.

Habari ya plasta kubanduka: futa ngozi kwa kitambaa kikavu kabla ya kubandika, usipake mafuta mahali hapo, na juu yake weka ile plasta pana ya kitambaa ya kushikilia. Nimekuwekea roli moja kwenye furushi. Bandika kwenye kalio badala ya tumbo, pasi inapuliza mbele.

Kuhusu Kamusi. Kila mtu na cheti chake. Ya shangazi wa watu ni ya shangazi wa watu. Ukianza kutibiwa na meza ya kukunja nguo, mwishowe utaambiwa unywe na sabuni. Mimi ninatumia plasta peke yake na unaniona. Furushi lina za miezi minne.

Dada yako


9 Julai

Dada,

Shikamoo. Mtoto ameanza kusimama. Wengine wazima.

Nimeona damu. Mwaka wa tatu huu tangu niache kuona siku zangu, na sasa imekuja, kidogo Jumatatu, halafu tena Ijumaa, nyingi. Nimeficha suruali nikaifua mwenyewe kazini. Ni dawa inakaa sawa au ni nini? Nijibu upesi tafadhali.

Mdogo wako


30 Julai

Dada,

Sijapata jibu. Nimekwenda ofisi ya vifurushi mara nne, yule karani akiniona sasa anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Nilipiga simu, akapokea shemeji, akasema umelala. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nikapiga tena jioni, umekwenda kununua uzi. Tangu lini wewe unashona?

Damu bado inakuja. Niambie tu kama ni jambo la kawaida nitulie.


11 Agosti

Mdogo wangu,

Toa plasta uliyobandika na usibandike nyingine. Usingoje Jumatatu. Nenda hospitali kubwa, si zahanati. Waambie una kizazi na umekuwa ukitumia estrojeni peke yake miezi sita. Waambie ulijinunulia mwenyewe. Watataka kukupima kwa ultrasaundi na kuchukua kipande kidogo cha ukuta wa kizazi. Kubali. Kinauma kidogo tu.

Nilikuwa sijisikii vizuri, ndiyo maana sikuandika.

Dada yako


3 Septemba

Dada,

Shikamoo. Nimefikiria niiache, lakini mama alitufunza, na mimi sina ugomvi na mama.

Ulisema niwaambie nina kizazi. Nilitembea na neno hilo njia nzima. Nikajiuliza, mwanamke anaambiwaje aende akatangaze kwamba ana kizazi? Nimezaa, nina mjukuu, kingekuwa wapi? Nikafikiri umeandika kwa haraka.

Daktari ni mwanamke wa makamo, anavaa miwani mbili, moja kichwani na moja puani. Alinisikiliza, hakunigombeza. Akafungua kabati akatoa boksi la plasta zilezile zangu, jina lilelile. Akavuta ndani karatasi iliyokunjwa mara nane. Akaifungua mezani, akaweka kidole, akanisomea: mwanamke mwenye kizazi asitumie dawa hii bila projesteroni. Akanieleza kama unavyomweleza mtoto. Estrojeni ikiwa peke yake hunenepesha ukuta wa ndani ya kizazi, hunenepesha tu bila breki. Hicho kidonge cha pili ndicho breki. Asiye na kizazi hana ukuta wa kunenepa, kwa hiyo huyo anaweza kutumia plasta peke yake.

Akaniuliza, "Karatasi hii hukuisoma?" Nikamwambia zangu hazikuwa na karatasi. Akaniuliza nilizipata wapi. Nikasema nilijinunulia. Nimekuficha, dada. Mimi Redio nimekuficha, na nilikuwa nimekaa juu ya karatasi yenye damu yangu.

Nikaanza kuhesabu nikiwa palepale kwenye kiti. Miaka kumi na tatu iliyopita, shemeji akiwa kwenye mkataba wake wa mbali, uliniita nije nikuuguze umetolewa jiwe la nyongo. Nilikaa wiki saba. Nilikuogesha. Nilikubadilishia kitambaa cha kidonda, na nikakuuliza, mbona kidonda kiko chini kabisa na nyongo iko juu huku? Ukanijibu kwamba nyongo za watu wengine hushuka. Dada, nimeisimulia hiyo habari ya nyongo kushuka kwa watu wazima mpaka leo. Nilimwambia hata nesi mmoja, akanitazama tu.

Huna kizazi. Ulikuwa unakaa na plasta peke yake kwa sababu huna kizazi, na ukanipa mimi niliye nacho. Nilipouliza kidonge cha pili, nilikuuliza kwa mdomo wangu, ukanichekesha habari za sabuni. Na karatasi ulizitoa kwa mkono wako, boksi moja moja. Hiyo ndiyo inayoniua. Kusahau ningekusamehe. Lakini ulikaa, ukafungua boksi, ukavuta karatasi, ukaweka pembeni, ukachukua lingine.

Wamechukua kipande. Majibu baada ya wiki mbili au tatu. Daktari ameuliza kama kuna mtu wa damu yangu aliyewahi kupata ugonjwa wa kizazi, na anataka jibu la kweli kwa sababu litaamua anifanyie nini. Mama hakuwa na shida hiyo. Umebaki wewe. Kilitolewa kwa nini?


20 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba, na asante kwa kuiandika. Nimeanza barua hii mara tatu.

Ni kweli. Sina kizazi. Shemeji yako hajui mpaka leo. Alikuwa mbali, mkataba umebakiza mwaka, na kila barua yake ilikuwa inaniambia akirudi tutapata wa pili, binti asikae mpweke. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na nne, nilikwisha ona haiwezekani, lakini yeye alikuwa anahesabu. Nikaogopa. Nikasema nitamwambia akirudi. Akarudi amebeba kitanda cha mtoto, ametengeneza kwa mikono yake kule kule. Ungemwambia? Nikasema kesho. Kesho ikawa mwezi. Kisha akaanza kudhani kasoro ni yake, akanywa dawa chungu miaka miwili, na mimi nikimwekea glasi ya maji ya kusukumia. Ukishafika hapo, mdogo wangu, hurudi nyuma.

Sikukuambia wakati ule kwa sababu wewe ni wewe. Ukijua jambo asubuhi, jioni linajulikana na jirani.

Ulipoandika mwezi wa pili nilitaka tu kukusaidia. Nikajua unahitaji cha pili. Lakini nikikuambia "wewe utumie na kidonge", ungeniuliza "na wewe mbona hukitumii?" Hungeacha kuuliza. Nikasema miezi mitatu haidhuru, kisha nitapata njia ya kukipitisha. Kisha ukafurahi, ukalala, ukaniita daktari wako. Nikaahirisha. Sikukusudia mabaya, Mungu ananiona. Zimwi likujualo halikuli likakwisha; hata ningekosea namna gani, nisingekuacha uangamie.

Kilitolewa kwa mambo ya kike ya kawaida. Mwambie daktari hivyo. Ukishasoma barua hii ichome.

Nikija nikuuguze, utanipokea?

Dada yako


1 Oktoba

Dada,

Shikamoo.

Majibu yametoka. Si saratani. Lakini chembe zimeanza kugeuka, na daktari anasema zikiachwa njia yao ni hiyo. Anaweza kujaribu kunipa projesteroni nyingi na kunipima kila baada ya miezi mitatu, au kukitoa kizazi chote. Anasema uamuzi unategemea na damu ya familia. "Mambo ya kike ya kawaida" nilimpelekea kama ulivyoniagiza. Alivua miwani zote mbili akaniambia huo si ugonjwa.

Nauliza mara ya pili. Ulikaa mbele ya daktari wako, akakuambia jina. Niandikie hilo jina. Sitaki salamu, sitaki habari za paa.


12 Oktoba

Mdogo wangu,

Kilikuwa hichohicho. Ukuta ulinenepa na chembe zikaanza kugeuka. Mimi haikuwa kwa dawa, ilianza yenyewe. Daktari aliyenipasua aliniambia niwaambie ndugu zangu wa kike, maana mambo haya mara nyingine hupita kwenye damu. Alisema "hasa mdogo wako". Wewe ulikuwa nje kwenye benchi, umeshika mfuko wa nguo zangu.

Nilijua, tangu siku ile. Na mwezi wa pili nilipokuwa natoa zile karatasi nilikuwa najua pia. Nilijiambia mwili wako si wangu, wewe ni mwenye nguvu, wewe huugui.

Nakiri ulivyoandika. Niliketi mezani nikazitoa moja moja, na mlango nilikuwa nimeufunga.

Mwambie daktari yote. Jina langu mpe akitaka. Ila shemeji yako, nakuomba, usimwambie. Ana miaka sitini na sita. Ataanza kuhesabu upya zile glasi.

Niruhusu nije.

Dada yako


19 Oktoba

Dada,

Nimempelekea daktari. Amesema basi hatuchezi na vidonge, kinatoka. Ni tarehe ishirini na moja mwezi ujao.

Usije.

Jambo moja. Binti yako ana miaka thelathini na tatu. Kama inapita kwenye damu, inapita na kwake. Mwambie wewe kabla sijalazwa. Usipomwambia nitamwambia mimi, na unajua nikianza siachi katikati.


8 Desemba

Dada,

Shikamoo. Naandika nimekaa kitandani na mto tumboni, kwa hiyo mwandiko umelala.

Kimetoka. Wamekipeleka maabara na majibu yamerudi: chembe zilizogeuka ziliishia ukutani, hazikwenda mbali. Daktari ameshika bega langu akasema nimewahi. Sikumwambia nimewahi kutoka wapi.

Binti yako alinipigia Jumapili kabla ya upasuaji. Alikuwa analia, lakini alikwisha panga siku ya kupimwa. Umemwambia. Kwa hilo nakushukuru, na ninamaanisha.

Daktari amenirudisha kwenye zile njia tatu, maana joto limerejea lote na marafiki zake. Vidonge, plasta, jeli. Safari hii nilimshikilia mpaka foleni ikanung'unika. Nimechagua jeli. Plasta na mvuke haviwezi kukaa nyumba moja, na kuhusu mjukuu kumbe jibu lipo: napaka pajani asubuhi, nangoja ikauke, navaa suruali, nanawa mikono, ndipo namchukua. Karatasi nimeisoma yote, pande zote mbili, mpaka anwani ya kiwanda. Kidonge cha pili sikihitaji tena. Sina cha kulinda. Sasa niko kama wewe, estrojeni peke yake.

Ulinitumia shemeji. Nilikukataza wewe, ukaona umtume yeye. Alikuja siku ya tatu, amevaa koti la safari, akakaa kwenye kiti cha wageni akanishika mkono. Akaniambia nisiogope, wewe ulipasuliwa hivihivi ukapona. Akasema, "Kwenu mna nyongo mbaya, shemeji. Naona inarithiwa." Alikuwa ananitazama kwa huruma, dada. Nikamwambia ndiyo, inarithiwa. Nikamwongopea mtu aliyesafiri saa kumi kuja kunishika mkono, na nikaona jinsi uongo ulivyo mwepesi, na nikakuelewa, na kukuelewa kwenyewe kukaniuma kuliko mshono. Alipoondoka nililia. Mpaka siku hiyo uongo wa nyongo ulikuwa wako peke yako.

Barua zako sikuzichoma. Daktari amenakili ile ya Oktoba kwenye faili langu, na binti yangu ameisoma, kwa sababu nayo ni damu yake. Hazitafika kwa shemeji kwa mkono wangu. Lakini sitakuahidi kwamba nitamwongopea mara ya pili. Akiniuliza tena, nitajibu.

Najua utaniuliza kama nimekusamehe. Sijui. Nakuota tukiwa wadogo unanisuka nywele, naamka nimefurahi, halafu nakumbuka.

Nikuambie lililotokea asubuhi ya kupelekwa ndani. Nesi alikuja na fomu. Kuna mstari wa mtu atakayeamua kwa niaba yako iwapo utashindwa kusema mwenyewe. Binti yangu huzimia akiona sindano, kwa hiyo maisha yangu yote, kujifungua, ajali ya pasi, kila fomu, mstari huo umekuwa ni jina lako. Huwa nalitaja kabla hawajamaliza kuuliza. Safari hii nilitaja jina la Kamusi, aliyekuwa amesimama pale na mfuko wa nguo zangu. Nesi akaandika, kisha akaona majina yetu ya ukoo hayafanani, akasita na kalamu. Akaniuliza kama sina ndugu wa damu. Nikamwambia ninaye dada mkubwa, mzima, mtaalamu wa dawa. Akasema basi tumwandike huyo, si ndiye anayefaa?

Nikamwambia aache alivyoandika.

Mdogo wako